Nyota za Gazetini: Zinaandikwaje, na Tuzisomeje?

Siku ya soko pale Tengeru, ukinunua karanga au maandazi, mara nyingi muuzaji anakufungia katika kipande cha gazeti. Unafika nyumbani, unakula, kisha unakikunjua kile kipande. Zamani ungekitupa jikoni kiwashie moto. Siku hizi unajua kusoma, kwa hiyo huachi karatasi ipite hivi hivi. Unasoma. Unakuta maneno kama haya:

“MAPACHA. Wiki hii mlango uliofungwa utafunguka. Umefanya kazi nyingi bila kushukuriwa, lakini usikate tamaa. Yupo mtu wa karibu anayekuonea wivu. Fedha iko njiani. Siku yako nzuri ni Alhamisi.”

Unashtuka. Ni kweli umefanya kazi nyingi bila kushukuriwa! Unajiuliza: “Ala! Huyu aliyeandika amenijuaje?”

Katika makala haya tutajibu swali hilo. Tutaeleza nyota za gazetini zimetoka wapi, mwandishi wake anazitungaje, na kwa nini kila anayezisoma anajiona yumo. Mwisho tutaona maneno gani yanamtia mtu moyo, na maneno gani yanaweza kuvunja nyumba au kikundi.

NYOTA ZA GAZETINI NI KITU GANI?

Wanaoandika nyota wameugawa mwaka katika mafungu 12. Kila fungu wamelipa jina la nyota. Kwa Kiswahili magazeti huziita Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Ukizaliwa mwanzoni mwa Juni wanasema wewe ni Mapacha. Ukizaliwa mwanzoni mwa Agosti wanasema wewe ni Simba. Chini ya kila jina mwandishi anaweka maneno machache juu ya kazi, fedha, mapenzi na afya.

Sasa hapo tayari kuna jambo la kuchekesha. Wazee wetu wengi hawajui tarehe waliyozaliwa. Tarehe iliyo katika kitambulisho chao ni ya kukadiria tu. Sikiliza mazungumzo haya ya bibi na mjukuu wake:

“Bibi, ulizaliwa mwezi gani nikusomee nyota yako?”

“Mwezi gani tena, mjukuu wangu? Mimi niliambiwa nilizaliwa mahindi yakichanua.”

“Basi nikusomee ipi?”

“Nisomee iliyo nzuri.”

Bibi huyu amesema neno la maana kuliko alivyodhani. Tutalirudia baadaye.

ZIMETOKA WAPI?

Kutazama nyota ili kujua mambo yajayo ni jambo la zamani sana. Mafungu 12 yalianza Babeli, katika nchi ambayo leo tunaiita Iraki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wagiriki wakayachukua, na Waarabu nao. Watu wa pwani yetu waliupata unajimu kwa njia ya Waarabu, wakauita elimu ya falaki. Lakini zamani mtu alikwenda kwa mnajimu mwenyewe, akaulizwa jina lake na jina la mama yake, akatazamiwa yeye peke yake.

Nyota za gazetini, zinazoandikwa mara moja kwa watu wote, ni jambo la juzi tu. Mwezi Agosti 1930 huko Uingereza alizaliwa mjukuu wa mfalme, jina lake Margaret. Gazeti la Sunday Express likamwomba mnajimu mmoja, R. H. Naylor, aandike nyota ya mtoto huyo. Wasomaji walipenda sana. Gazeti likaona kuwa nyota zinauza. Baadaye Naylor akaanza kuwaandikia wasomaji wote kwa kufuata siku zao za kuzaliwa. Magazeti mengine yakaiga, na desturi hiyo ikaenea duniani.

Hapa Tanzania jina lililovuma kuliko yote katika kazi hii ni la Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam. Utabiri wake ulisikika kwa miaka mingi katika nchi za Afrika Mashariki, hadi alipofariki mwezi Mei 2011.

JE, WAZEE WETU HAWAKUSOMA NYOTA?

Mtu anaweza kuuliza: “Mbona wazee wetu walitazama nyota, na walipata mavuno?”

Ni kweli. Lakini tazama walitazama nini. Kuna kundi dogo la nyota linaloitwa Kilimia. Jina hilo linatokana na neno kulima. Mwezi Novemba, wakati wa vuli, Kilimia kinaonekana usiku kucha. Mwezi Mei, masika yakielekea kwisha, hakionekani, kwa kuwa kiko upande mmoja na jua. Mwezi Juni kinatokea tena alfajiri upande wa mashariki. Mwaka ujao kinafanya vile vile. Basi Kilimia kilikuwa kalenda ya mkulima na mfugaji. Kilimwambia majira yamefika. Hakikumwambia kama jirani yake ana wivu.

Nyota za gazetini ni jambo lingine kabisa. Hata tarehe zake hazifuati tena mbingu. Dunia inapozunguka inayumba polepole sana, kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka. Kwa miaka zaidi ya 2,000 kuyumba huko kumesogeza mambo. Mwishoni mwa Machi, gazeti linaposema mtoto aliyezaliwa ni Punda, jua mbinguni liko katika kundi la Samaki. Gazeti halikubadilisha tarehe zake.

KWA NINI KILA MTU ANAJIONA YUMO?

Tufanye hesabu ndogo. Katika sensa ya mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Ukiwagawa kwa nyota 12, kila nyota inapata watu zaidi ya milioni 5. Sasa fikiri. Wiki hii, katika hao milioni 5 walio Mapacha, wako wanaofanya arusi na wako wanaozika. Yupo aliyeuza ndizi zake zote, na yupo ambaye gari lake la ndizi limeharibika njiani. Je, mistari mitano inaweza kuwaeleza wote?

Inaweza, kama imeandikwa kwa ujanja.

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa chuo nchini Marekani, jina lake Bertram Forer, alilijaribu jambo hili. Aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi za maelezo ya tabia zao. Kila mmoja aliamini kuwa karatasi yake imeandikwa kwa ajili yake tu. Akawaambia waipe alama, kuanzia 0 mpaka 5, kulingana na jinsi ilivyosema kweli. Wastani wa alama ulipita 4. Ndipo akawafunulia siri: karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale! Mengi aliyatoa katika kitabu cha nyota kilichokuwa kikiuzwa madukani.

Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Walikuwa binadamu. Binadamu akisikia neno linalomhusu, analishika. Neno lisilomhusu analisahau. Fedha ikija Alhamisi atasema, “Nyota ilisema kweli.” Isipokuja, ikifika Jumapili hakumbuki tena alichosoma.

MWANDISHI ANAFANYAJE KAZI YAKE?

Kuandika nyota ni ufundi, kama ufundi wa kushona au kujenga. Tuufungue tuone vifaa vyake.

Kwanza, mwandishi anasema “wewe”. Anaandikia maelfu, lakini anasema kama aliyekaa na mtu mmoja kwenye kigoda jikoni. Hasemi “watu wengi wamechoka.” Anasema “umechoka.”

Pili, anataja mambo yanayompata kila mtu. Nani hajapungukiwa fedha? Nani hajasemwa vibaya? Nani hasubiri jibu la jambo fulani, iwe mkopo, barua, mvua au mtoto aliye mjini? Mwandishi akisema “jibu unalosubiri litafika,” kila msomaji anajaza jambo lake mwenyewe. Mkulima wa kahawa wa Nkoaranga anafikiri malipo ya kahawa. Kijana wa bodaboda wa Arusha mjini anafikiri mkataba wa pikipiki. Mwandishi hakuwaza yote mawili.

Tatu, anasema pande mbili kwa pamoja. “Wewe ni mpole, lakini ukichokozwa sana unakasirika.” Taja mtu mmoja asiye hivyo!

Nne, anaacha mlango wazi. Anatumia maneno kama “huenda”, “mara nyingine”, “ukiwa mwangalifu”. Jambo likitokea, alisema. Lisipotokea, alisema huenda.

Tano, anamalizia kwa tumaini. Hataki msomaji aweke gazeti chini akiwa na huzuni, kwa sababu wiki ijayo hatalinunua.

Basi, ndugu msomaji, sasa umejua. Aliyeandika hakukujua wewe. Alijua binadamu.

JE, NI UONGO MTUPU?

Hapa tusiwe na haraka. Akisema anajua yatakayokupata Alhamisi kwa sababu ulizaliwa Juni, hilo si kweli. Lakini neno la kutia moyo lina kazi yake, hata kama halikutoka mbinguni. Mama aliyeamka saa kumi usiku kubeba ndizi, akisoma “juhudi yako haipotei bure,” anaweza kunyoosha mgongo akaendelea. Neno hilo angeweza kuambiwa na shangazi, na lingemsaidia vile vile. Nguvu yake haitoki katika nyota. Inatoka kwa mama mwenyewe, aliyeamka na kwenda sokoni.

Kumbuka yule bibi. Alisema, “Nisomee iliyo nzuri.” Hakutaka kujua ya kesho. Alitaka mjukuu wake amsomee neno jema. Huo ndio usomaji salama: kusoma nyota kama salamu. Salamu unaipokea, unafurahi, unaendelea na kazi. Huuzi mbuzi kwa sababu ya salamu.

Hatari inaanza salamu inapogeuka kuwa amri.

NENO LA KUTIA MOYO NA NENO LA KUCHONGANISHA

Tuchukue mfano. Tuseme akina mama kumi wa kijiji kimoja karibu na Usa River wana kikundi cha kuweka na kukopa. Wana sanduku la kufuli tatu, na kila wiki wanakutana na kununua hisa. Mmoja wao anasoma nyota yake: “Mtu wa karibu anakula riziki yako. Jihadhari na mwanamke mnene anayecheka sana.”

Katika kikundi yumo mama mnene anayecheka sana. Ndiye mtunza sanduku.

Aliyesoma hasemi kitu. Lakini wiki hiyo haleti hisa. Wiki ya pili anamnong'oneza jirani yake. Wiki ya tatu akina mama wanne wanadai fedha zao. Mwisho wa mwezi kikundi kimekufa. Mtunza sanduku hakuiba hata shilingi moja. Na aliyeandika mistari ile yuko mjini, anaandika nyota za wiki nyingine. Hajui kabisa alichofanya.

Je, angeandikaje? Angeweza kuandika hivi: “Kama kuna hesabu usiyoielewa, iulize mbele ya wenzako, daftari likiwa wazi. Swali lililoulizwa mapema huokoa urafiki.” Maneno haya nayo yanawafaa watu wengi. Lakini yanamwongoza msomaji kwenye daftari, hayamwongozi kwenye chuki.

Jambo hili si la mchezo. Katika nchi yetu ramli za kuchonganisha zimeua watu. Vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta utajiri. Ndiyo sababu mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Nyota ya gazetini inayosema “adui yako ni fulani” ni mtoto wa ramli hiyo hiyo, ila imevaa nguo za kizungu.

MAMBO AMBAYO MWANDISHI MWEMA HAYAGUSI

Huenda siku moja wewe mwenyewe utaandika maneno ya kutia moyo: kwenye gazeti la ukutani, kwenye kikundi cha simu, au kwenye barua kwa mwanao. Shika mambo haya.

1. Usimtaje adui. Usiseme ni jirani, mke mwenza, wala mtu wa umbo fulani. Msomaji atamtafuta mpaka ampate.

2. Usitoe tiba, wala usimwachishe mtu dawa. Sisi wa mkoa wa Arusha tunakumbuka mwaka 2011, watu kwa maelfu walipokwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Tuliona jinsi tumaini linavyoweza kuwabeba watu mbali. Lakini mgonjwa wa UKIMWI au wa kisukari anayeacha dawa zake kwa sababu ya tumaini anahatarisha maisha yake. Andika: “Kama mwili unakusumbua, nenda zahanati mapema.”

3. Usitaje namba za bahati wala siku ya bahati. Siku hizi vijana wengi wanabeti. Akiambiwa “bahati yako ni 7,” fedha ya mbolea inakwenda.

4. Usitabiri kifo. Hakuna anayesaidiwa na neno hilo, na hofu peke yake inaweza kumfanya mtu akose usingizi na hamu ya kula.

5. Usiahidi lisilo mikononi mwa msomaji. Badala ya “fedha iko njiani,” andika “andika madeni yako kwenye karatasi, uanze na lile dogo.” Hilo analiweza leo.

6. Usiombe fedha. Neno jema halihitaji kulipiwa kwa namba ya simu. Ukipata ujumbe unaosema, “Nyota yako imefungwa, tuma elfu ishirini tuifungue,” jua ni mwizi. Usitume. Waambie na wenzako. Vibao vya namna hiyo viko vingi mijini, vimepigiliwa kwenye nguzo za umeme: mvuto wa biashara, kurudisha mpenzi, kushinda kesi. Jiulize: kama anajua kufungua utajiri, kwa nini anahitaji elfu ishirini yako?

JARIBUNI DARASANI

Hapa kuna jaribio dogo. Halihitaji fedha.

Chukueni ukurasa wa nyota kutoka gazeti lolote. Msomaji mmoja afunike majina kwa mkono, asome nyota zote 12 bila kutaja ni ya nani. Kila mtu achague ile anayoona ni yake. Kisha fungueni majina. Hesabuni wangapi wamechagua ile ambayo gazeti limewapa.

Baada ya hapo, mwezeshaji aandike ubaoni maneno haya:

“Una moyo wa kusaidia, lakini watu wengine hawakuoni. Kuna jambo umeliahirisha muda mrefu. Lifanye wiki hii, hata kwa hatua moja ndogo. Unao uwezo kuliko unavyodhani.”

Kila mmoja aseme kama yanamhusu. Mtaona wenyewe mikono mingapi itainuka.

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma ulijifunza kutambua herufi. Kisha ukajifunza kuunganisha maneno. Iko hatua ya tatu, nayo ni kuyauliza maandishi: Nani ameandika? Amejuaje? Anataka nifanye nini? Maandishi yaliyopigwa chapa si kweli kwa sababu tu yamepigwa chapa. Gazeti hili nalo, liulize hivyo hivyo.

Basi siku ya soko ukikunjua kipande chako cha gazeti, soma nyota yako bila hofu. Ikiwa na neno jema, lipokee kama salamu. Ikikwambia umchukie mtu, uache dawa au utoe fedha, kiwashie moto kama zamani.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mnajimu: mtu anayetabiri kwa kutazama nyota.
Utabiri: kusema jambo kabla halijatokea.
Kuchonganisha: kuwafanya watu wagombane.
Wastani: jumla ya alama zote ikigawanywa kwa idadi ya watu.
Kukadiria: kukisia kiasi au tarehe bila kuwa na hakika.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini wanafunzi 39 waliona karatasi moja inawahusu wote?
2. Kilimia na nyota za gazetini vinatofautianaje?
3. Akina mama wa mfano wetu wangefanya nini ili kuokoa kikundi chao?
4. Andika mistari mitatu ya kumtia moyo mtu yeyote kijijini kwako. Usitaje adui, dawa, bahati wala fedha ya kutuma. Msomee jirani yako, umuulize: “Je, inakuhusu?”